Fizikia imemshinda, au ni Kiingereza?

Swali lililoletwa ni hili: mtoto aliyepata A ya Sayansi darasa la saba, kidato cha pili anaambulia D ya Fizikia. Je, mitihani ya taifa inapima uwezo kwa haki?

Kwa upande mmoja, ndiyo. Karatasi ni moja nchi nzima, na msahihishaji anaona namba ya mtahiniwa, si jina wala ukoo. Hilo si dogo. Haki inapopotea zaidi ni kwenye lugha. Katika shule nyingi za msingi za serikali Tanzania mtoto husoma kwa Kiswahili miaka saba, halafu kidato cha kwanza karibu kila somo linageuka Kiingereza. Neno "body" analijua kuwa ni mwili wa mtu. Kwenye Fizikia ni kitu chochote, hata jiwe. Anabaki kumtafuta mtu ndani ya swali lisilo na mtu. Kwenye Historia, "account for" inadai sababu, yeye anasimulia tukio kurasa mbili na kuondoka na alama chache. Kujua anajua, ila hakuelewa ameulizwa nini.

Mwalimu anaweza kulipima pengo hili mwenyewe. Tunga maswali 20 ya mada moja, uyagawe mafungu mawili ya maswali kumi kumi yenye ugumu unaolingana. Gawa darasa nusu kwa nusu kwa kura. Usitumie mikondo, kwa sababu mara nyingi imepangwa kwa ufaulu. Nusu moja ifanye fungu la kwanza kwa Kiswahili na la pili kwa Kiingereza, nusu ya pili ifanye kinyume. Kisha linganisha wastani wa lugha hizo mbili. Usirudie swali lile lile kwa mtoto yule yule, maana mara ya pili atajibu kwa kumbukumbu.

La pili ni kubahatisha. Karatasi ya maswali 40 yenye machaguo matano humpa asiyejua kitu wastani wa alama 8, na wengi wa wanaobahatisha huangukia kati ya 5 na 11. Kwa hiyo kumpanga mtoto wa 14 juu ya mwenye 12, kisha kumchapa wa 12, ni uonevu mtupu.

La tatu ni swali lenyewe kuwa bovu, na hata mtihani wa moko unaweza kuwa na maswali ya namna hiyo. Wanafunzi wakiwa 60, panga karatasi kuanzia alama ya juu, chukua 16 za juu na 16 za chini. Tuseme swali la 7 wamelipata 13 wa juu na 5 wa chini. Toa 5 kwenye 13, gawanya kwa 16: unapata 0.5, swali zuri. Ikishuka chini ya 0.2, lichunguze. Ikiwa hasi, yaani wa chini wamelipata kuliko wa juu, anza na mwongozo wa kusahihisha: ama jibu limeandikwa vibaya, ama kuna machaguo mawili sahihi na wanaofikiri sana ndio walionaswa. Swali kama hilo lifutwe kwa wote na alama zijumlishwe upya kabla matokeo hayajabandikwa ukutani.