Kabla hujapeleka mbuzi Uarabuni, pitia hapa kwanza

Juzi dogo mmoja kanitumia meseji, "bro nina milioni 12, nataka nipeleke nyama ya mbuzi Oman kabla ya Idd el-Hajj, nianzie wapi?" Nikacheka, halafu nikanyamaza, maana milioni 12 ndo hiyohiyo niliyoizika mimi.

Nilizunguka minadani Singida na Dodoma nikakusanya mbuzi 110, nikakodi fuso, nikajiona tajiri tayari. Kule mteja anataka mbuzi mdogo, mzoga wa kilo 8 mpaka 12, uliopoozwa na kuvishwa kitambaa cheupe, unapanda ndege. Mimi nikabeba mibeberu minene nikijua unene ndo mali. Halafu vijana wa kupakia wanamnyanyua mbuzi kwa mguu mmoja wanamrusha ndani, na mimi nipo pembeni nakunywa soda! Machinjioni, ngozi ilipotoka, mapaja yana damu iliyovilia, nyeusi tii kama mtu kapigwa rungu. Mizoga 37 ikakataliwa, nikaiuza buchani kwa bei ya kutupa. Dalali aliyeniingiza humo mpaka leo hapokei simu yangu.

Nilichochelewa kuelewa ni kwamba wenzetu nyama kwao ni suala la usalama wa nchi. Wanaishi jangwani, chakula kingi wanaagiza. Qatar majirani walipoifungia mipaka Juni 2017, Julai tu wakaanza kupandisha ng'ombe wa maziwa kwenye ndege. Na magonjwa wanayaogopa kweli, mwaka 2000 Homa ya Bonde la Ufa, ugonjwa wa mifugo unaoambukiza mpaka watu, iliingia Saudia na Yemen ikaua watu, wakafunga mlango kwa mifugo ya Pembe ya Afrika, Wasomali wakasubiri mpaka 2009 Saudia ilipowafungulia. Sasa mtu kama huyo utamwambia cheti cha afya ya mifugo kinakuja kesho? Cheti cha afya kwanza, na cheti cha halali, kwamba mbuzi kachinjwa Kiislamu, kwanza, mbuzi baadaye. Narudia, cheti kwanza.

Na tuache hii tabia ya kujisifu tuna mifugo mingi wakati mbuzi tunampakia kama gunia la mkaa. Inaniuma bado, samahani.

Dogo, kama bado una nia, Jumamosi njoo mnadani Pugu na mzani wa kuning'iniza, tupime mmoja mmoja mpaka jicho lako lizoee kilo. Hela iache benki, njoo na nauli tu.