Mwanangu huanzia kwenye korosho za kanga

Siku moja nilitandaza kanga mpya kitandani, nikamuuliza mwanangu anaona nini. Nilitegemea aseme tausi, maana tausi alijaa mji mzima, yaani ile sehemu ya katikati ya kanga. Yeye akainama kwenye pindo, akaanza kuhesabu korosho, yale mapambo yenye umbo la korosho, kwa kidole. Ya 31 ikamsimamisha: imechapwa kichwa chini. Kanga nimezifunga tangu nivunje ungo, kosa kama hilo sijawahi kuliona.

Mwanangu ana usonji (autism). Zamani nilikuwa namshika kidevu, namgeuza aangalie "picha yote". Tulikuwa tunaishia kulia wote wawili.

Kilichonituliza ni kusoma. Mwaka 1977 mwanasaikolojia David Navon alionyesha watu herufi kubwa zilizoundwa kwa herufi ndogo ndogo. Wengi huwahi kuiona ile kubwa. Kwa kawaida upande wa kulia wa ubongo huelemea umbo zima, wa kushoto huelemea vipande. Mwaka 1983 watafiti Amitta Shah na Uta Frith wakaonyesha kuwa watoto wenye usonji ni hodari wa kuibua umbo dogo lililofichwa ndani ya picha kubwa. Kumbe mwanangu si mzembe!

Kuna na jaribio la mstari. Ukimwambia mtu aweke alama katikati ya mstari mlalo bila kupima, mara nyingi atakosea kidogo kuelekea kushoto, kwa sababu upande wa kulia wa ubongo ndio unaoongoza umakini wa macho, nao huvutia kushoto. Majaribio ya jamii hiyo yamekuta mvuto huo ukiwa hafifu kwa baadhi ya watu wenye tabia nyingi za kiusonji, hata ambao hawana usonji wenyewe. Nilijaribu kwa majirani. Fundi cherehani akapiga katikati kabisa, lakini yule kazi yake ni kukata vitambaa. Kwa hiyo usimpime mtoto kwa rula na penseli. Mpeleke kwa wataalamu.

Mimi sasa naanzia pale jicho lake lilipotua. Akisoma, namwekea kadibodi niliyoikata kidirisha cha mstari mmoja, tunaiteremsha polepole. Kwenye picha, akinionyesha kifungo, nauliza: kifungo cha nini? Cha shati. Shati la nani? Tunapanda hivyo hivyo mpaka soko zima linaonekana, na siku nyingine tunaishia kwenye shati, basi.

Barabarani sina subira hiyo. Yeye anahesabu nati za gurudumu la daladala, mimi nimemkamata mkono, tunavuka.