Mgeni Akija Darasani, Usihamie Nyuma

Wadogo zangu mnaoanza kazi hii ya kubadilishana walimu na shule za nje, kuna jambo naliona kila muhula na linanichosha. Mgeni akitua tu kutoka Marekani au Uingereza, mwenyeji anamkabidhi chaki, kisha anahamia dawati la nyuma na rundo la madaftari ya kusahihisha.

1. Kufundisha wawili huanzia kwenye maandalio ya somo. Juzi hapa Jinja, Uganda, nilimtazama kijana mmoja, hodari kweli akiwa peke yake, akigeuka mkalimani kipindi kizima. Mgeni alifundisha mzunguko wa maji kwa theluji inayoyeyuka milimani. Watoto zaidi ya sabini wakanakili kimya. Theluji yetu iko Rwenzori, upande wa pili wa nchi, na ziwa ambamo Nile inaanzia safari yake liko pale pale chini ya mji! Wanaoga humo, wanaona mawingu yakijikusanya juu yake. Mwenyeji alilijua hilo, mgeni hakulijua, na hawakuwa wameketi pamoja hata nusu saa. Ketini. Gawaneni: nani anafungua, nani anauliza, nani anapita kati ya madawati akichungulia madaftari. Mtaala wa sekondari ulioanza 2020 umejaa miradi na kazi za vikundi, na darasa kubwa namna hiyo linamlilia mwalimu wa pili. Mmempata, halafu wewe unasahihisha!

2. Kalenda. Msipange mradi na S.4, yaani kidato cha nne, muhula wa tatu. Hao wana mitihani ya taifa ya UNEB. Na saa za kukutana mtandaoni na shule ya huko: saa tatu asubuhi New York ni saa kumi jioni kwetu, lakini wakirudisha saa zao nyuma mwezi wa Novemba inakuwa saa kumi na moja. Wa bweni watabaki. Wa kutwa wanaotembea hadi kwao je? Waulizeni wazazi mapema.

3. Ukipata J-1, viza ya Marekani ya mipango ya kubadilishana, soma kama ina sharti la kurudi kuishi nyumbani miaka 2.

4. Mkikabidhiwa uongozi wa mpango, msiwachague wale wale wenye Kiingereza chepesi. Mwalimu wa hisabati asiyesema sana, aliyekaa na mgeni jioni nzima wakipanga somo, ndiye wa kusafiri mwakani. Andikeni jina lake kwanza, hata kama lenu litakosa nafasi.