Tovuti ya biashara ndogo Arusha na Moshi: kwa nini haionekani Google, na pa kuanzia

Kabla hujampa mtu hela ya "kuipandisha tovuti Google", chukua simu yako ufanye jaribio la dakika moja. Fungua Google, andika site: halafu, bila kuacha nafasi, jina la tovuti yako pamoja na .co.tz au .com yake. Zikija kurasa zako, Google inaijua tovuti na kazi iliyobaki ni ya kuiboresha. Usipopata hata ukurasa mmoja, usihangaike na maneno wala matangazo kwanza, maana kuna mlango umefungwa.

Kwa tovuti zilizojengwa kwa WordPress, mlango huo mara nyingi ni kisanduku kimoja tu. Ingia Settings, kisha Reading, shuka mpaka chini. Kipo kisanduku kinachoziomba injini za utafutaji zisiisome tovuti. Fundi hukitia tiki wakati wa ujenzi ili watu wasikute tovuti nusu nusu, halafu siku ya kukabidhi anasahau kuitoa. Biashara inakaa miezi gizani, mwenyewe akidhani ushindani ni mkali. Toa tiki, hifadhi, maliza.

Kisha jiunge na Google Search Console, chombo cha Google kinachokuonyesha tovuti yako inavyoonekana kwenye utafutaji. Ni bure. Itakutaka uthibitishe kuwa tovuti ni yako, na njia nzuri zaidi ni kuweka rekodi ya TXT (mstari mfupi wa maandishi unaopewa na Google) kwenye mipangilio ya jina la tovuti. Hapa ndipo wengi hugundua jambo linalouma: jina la tovuti limesajiliwa kwa jina na barua pepe ya fundi, na fundi amehamia Dar au hapokei simu. Lidai jina hilo leo, mkiwa bado mnaelewana. Usajili uwe kwa jina la biashara yako, barua pepe iwe unayoifungua mwenyewe, na tarehe ya kulipia kila mwaka uijue. Ukishathibitisha, wasilisha ramani ya tovuti, yaani faili lenye orodha ya kurasa zako. Kwa WordPress ya kawaida anwani yake huishia na wp-sitemap.xml. Ukurasa mpya unaweza kuchukua siku chache au wiki kadhaa kabla ya kuonekana, kwa hiyo usianze kubadilisha mambo kila asubuhi.

Ukurasa mmoja, swali moja

Hapa ndipo tovuti nyingi za kwetu zinapokwama. Ukurasa wa mwanzo unasema "Karibu sana, tunatoa huduma bora kwa bei nafuu". Hakuna binadamu anayetafuta maneno hayo. Mtu huandika shida yake: "gesti Moshi mjini bei", "friji inawaka lakini haipoi", "fundi wa friji Njiro". Google inatafuta ukurasa unaojibu shida hiyo moja kwa moja, na usipokuwa na ukurasa huo, hata kazi yako ikiwa safi namna gani, hutajwi.

Tuangalie kichwa cha ukurasa, ule mstari wa kubonyeza unaotokea kwenye matokeo. Gesti nyingi zimeacha neno "Home" au jina la gesti peke yake. Linganisha na hiki: "Gesti Moshi mjini karibu na stendi, bei na picha za vyumba". Kina herufi 58 ukihesabu na nafasi, na kina mji, mahali, na vitu viwili anavyotaka kuona msafiri aliyeshuka basi saa mbili usiku. Kaa kati ya herufi 50 na 60, kwa sababu kikizidi hapo kawaida hukatwa. Maelezo mafupi yanayokaa chini yake yasizidi herufi 155 hivi: taja bei ya kuanzia, maji ya moto, maegesho, kifungua kinywa. Ile orodha ya maneno muhimu ambayo mafundi wengine bado wanailipisha, Google ilishatamka tangu 2009 kwamba haiitumii kupanga matokeo.

Fundi wa friji wa Arusha asiwe na ukurasa mmoja wa "Huduma zetu". Awe na ukurasa wa friji isiyopoa, mwingine wa friji inayovuja maji, mwingine wa mashine ya kufulia. Kwenye ule wa kwanza aeleze anachojua kweli: mpira wa mlango uliolegea, vumbi kwenye koili za nyuma, thermostati, gesi iliyovuja, kompresa. Amwambie mteja akague mpira na umeme mdogo kwanza kabla ya kupiga simu. Wapo wanaoogopa kwamba ukitoa ujuzi bure mteja hatakuja. Mwenye gesi iliyovuja hawezi kuijaza mwenyewe, na atampigia aliyemweleza.

Kampuni ndogo ya utalii nayo isishindane kwa maneno "Kilimanjaro climb". Hapo wamekaa wakubwa wenye miaka mingi na kurasa mamia. Ingia kwenye maswali membamba. Njia ya Machame ya kupanda Kilimanjaro, siku 6 na siku 7 zinatofautiana nini? Jibu ni siku ya ziada ya kuzoea urefu, na mlima una mita 5,895, kwa hiyo si jambo dogo. Marangu ndiyo njia pekee ya kulala kwenye vibanda badala ya hema. Huo ni ukurasa kamili kwa mtu anayeogopa mvua. Bei inajumuisha ada za hifadhi, wapagazi, chakula, usafiri kutoka KIA, hoteli ya usiku wa kabla na baada? Bahshishi ni juu ya nani? Andika wazi. Na usinakili maelezo ya njia kutoka kampuni nyingine: Google ikikuta maandishi yaleyale sehemu kumi, huchagua moja ya kuonyesha na kuziacha nyingine.

Maswali ya kuandikia yamo kwenye WhatsApp yako. Swali lililoulizwa mara tatu linastahili ukurasa. Ukitaka mengine, anza kuandika neno kwenye Google taratibu uone linavyojikamilisha lenyewe.

Lugha uitenge. Mgeni wa Ujerumani au Marekani mwandikie Kiingereza, mteja wa Sakina au Majengo mwandikie Kiswahili, kila lugha na kurasa zake na anwani zake. Ukichanganya lugha mbili katika ukurasa mmoja, Google hupata shida kujua ni wa nani. Tafsiri ya mashine usiiweke bila kuisoma; Kiswahili chake kinamfukuza msomaji kabla hajafika kwenye bei.

Ramani ndiyo duka la mbele

Kwa biashara ya mtaani, wasifu wa Google Business Profile (ule unaoonyesha biashara yako kwenye Google na kwenye ramani zake) unaweza kuleta simu nyingi kuliko tovuti yenyewe. Google inaangalia mambo matatu: unalingana vipi na kinachotafutwa, uko mbali kiasi gani na anayetafuta, na unajulikana kiasi gani. Umbali huwezi kuubadili, kwa hiyo shughulika na mawili yaliyobaki.

Chagua aina kuu ya biashara kwa usahihi, kisha ongeza nyingine zinazokuhusu kweli. Unaruhusiwa hadi tisa za ziada. Jina liwe lile lililo kwenye kibao chako. Ukiandika "Fundi Bora Friji AC Arusha Njiro" wakati kibao kinasema kingine, wasifu unaweza kufungiwa. Uthibitisho siku hizi mara nyingi ni wa video: anza barabarani, onyesha majirani na kibao, fungua mlango kwa ufunguo wako, onyesha vifaa vya kazi, vyote kwa mkupuo mmoja bila kukata. Kama unawafuata wateja majumbani, ficha anwani na utaje maeneo unayofika: Njiro, Kijenge, Ngaramtoni, Usa River.

Pini ya ramani iweke mwenyewe ukiwa umesimama mlangoni, maana mitaa yetu mingi mtu huelekezwa kwa mti na duka la dawa. Plus Code ya mahali hapo, ule msimbo wenye alama ya kujumlisha, inakili uibandike kwenye ukurasa wa mawasiliano na kwenye WhatsApp. Jina, simu na anwani viandikwe vilevile kila mahali: kwenye wasifu, kwenye tovuti, Facebook, TripAdvisor. Saa za sikukuu nazo zirekebishe mapema, Pasaka hata Idd, ukijua Idd inaweza kusogea siku moja kwa kufuata mwezi.

Maoni ya wateja yaombe siku ileile kazi inapokwisha, kwa kumtumia kiungo. Usiyanunue, usitoe punguzo ili usifiwe, wala usiwaagize wafanyakazi na ndugu. Vyote vimekatazwa na maoni hufutwa. Lawama ijibu kwa upole na kwa jambo mahususi, kwa sababu anayesoma jibu lako zaidi ni mteja anayefuata.

Picha zinazomaliza bando

Picha moja ya simu inaweza kuwa na MB 4. Ukurasa wenye picha nane za vyumba unakuwa MB 32, na mteja aliye ndani ya basi anaona duara linazunguka kisha anarudi nyuma. Kabla ya kupakia, punguza upana hadi pikseli 1,600 kwa picha kubwa ya juu na 800 kwa nyingine, uzihifadhi kwa WebP, aina ya faili la picha lililo jepesi. Tovuti ya Squoosh hufanya hivyo bure ndani ya kivinjari. Zikitoka na KB 150 kila moja, nane zote hazifiki MB 1.5. Lengo ni kitu kikubwa kuliko vyote kwenye skrini ya kwanza, mara nyingi picha ya juu, kionekane ndani ya sekunde 2.5; pima kwa PageSpeed Insights, kipimo cha Google cha kasi ya ukurasa, upande wa simu. Badili na majina ya faili, "chumba-cha-wawili-moshi" badala ya "IMG_0412".

Na bei usiitie kwenye bango la picha. Mabango mazuri yenye maandishi ya dhahabu yanafaa Instagram. Kwenye tovuti, bei, saa na mahali viandikwe kama maandishi ya kawaida ili Google ivisome na mteja avinakili.

Kitufe cha WhatsApp kiandikwe wa.me/255 kikifuatiwa na tarakimu tisa za namba yako, bila sifuri ya mwanzo wala alama ya kujumlisha. Sifuri ikibaki, kitufe hakifanyi kazi, na hakuna atakayekuambia. Kila ukurasa upe ujumbe wake wa kuanzia, kwa mfano "Habari, nauliza chumba cha wawili". Hapo utajua ni ukurasa gani unaoleta wateja bila kununua kifaa chochote cha kupimia.

Kila mwezi rudi Search Console, sehemu ya utendaji, ambako takwimu hukaa miezi 16. Tafuta maneno ambayo umeonekana mara nyingi lakini uko nafasi ya 8 hadi 20. Hayo ndiyo yanayolipa haraka: rudi kwenye ukurasa husika, ongeza jibu linalokosekana, nyoosha kichwa, weka kiungo kutoka ukurasa wako mwingine. Barua pepe za kuuza mamia ya viungo kutoka tovuti za nje zifute. Kununua viungo ni kinyume cha kanuni za Google, na hakuna anayeweza kukuhakikishia nafasi ya kwanza. Viungo vya haki viko karibu: orodha ya wanachama wa TATO (chama cha kampuni za utalii Tanzania) kama umo, washirika wa KPAP (mradi wa kutetea wapagazi wa Kilimanjaro) kama wapagazi wako unawatunza inavyotakiwa, mgahawa wa jirani unaowapelekea wageni.

Kwa wa utalii, miezi ya masika, Machi hadi Mei, ndiyo ya kuandika na kurekebisha, kwa kuwa ukurasa uliowekwa Juni umeshachelewa kwa wageni wa Juni. Na ukiamua kujenga tovuti upya msimu huo, orodhesha anwani za kurasa zote za zamani kabla fundi hajagusa kitu, kisha kila moja ielekezwe kwa 301 (uelekezaji wa kudumu) kwenye ukurasa mpya unaolingana nayo, si zote kwenye ukurasa wa mwanzo. Zijaribu moja moja kwenye simu kabla hujamlipa malipo ya mwisho.