Kijana wangu anataka kupanda mikoko

SWALI: Asalaam aleikum, mhariri. Mwanangu wa miaka 19 amemaliza kidato cha nne na ameniomba ruhusa ya kujiunga na kikosi cha vijana wanaopanda mikoko. Babu yake aliishi kwa kukata boriti za mikoko, nami naujua ugumu wa matope yale. Siku yao huendaje, na je, hiyo ni kazi au ni kupoteza wakati? – Mama mzazi, Lamu.

JIBU: Waalaikum salaam, mama. Vijana hawa hawafuati saa za ofisi bali hufuata maji, kwa kuwa shamba lao hufikika maji yanapokupwa tu, na kupwa huchelewa kwa takriban dakika 50 kila siku. Kwa hiyo wiki hii mwanao ataondoka mara baada ya sala ya alfajiri, na wiki ijayo atashuka matopeni jua likiwa la utosi. Maji yakijaa, hurudi kitaluni kujaza udongo kwenye mifuko ya miche na kuondoa miche iliyokufa.

Kupanda kwenyewe ni sehemu fupi. Ugumu uko katika kuchagua mahali. Mbegu ndefu ya mkoko huchomekwa moja kwa moja kwenye tope, na kwa sababu ya wepesi huo wengi huichomeka popote, hata ukingoni panapopigwa na mawimbi, ambapo kwa asili humea mlilana, aina nyingine ya mikoko, na baada ya miezi michache hubaki vijiti vikavu. Hapo ujuzi wa babu yake una thamani kubwa, maana mkata boriti hujua kila aina ya mikoko mahali pake: mchu hukaa wapi na mkandaa hukaa wapi.

Kuhusu kipato, kati ya 1933 na 1942 Marekani ilikuwa na kikosi cha vijana wa hifadhi, Civilian Conservation Corps, kilicholipa dola 30 kwa mwezi, na kwa kawaida 25 kati ya hizo zilitumwa kwa wazazi, huku kijana akipewa chakula, malazi na masomo ya jioni. Huo, kwa maoni yangu, ndio utaratibu unaomheshimu kijana. Basi mwanao aulize mapema kama malipo ni ya siku au ya kila mche, kwa sababu anayelipwa kwa mche huharakisha, na aulize pia nani atarudi mwakani kuziba mapengo. Akijibiwa waziwazi, mpe ruhusa, na umtafutie viatu vya kufunga, kwani magamba ya chaza yaliyomo matopeni hukata nyayo.