Maswali ya akina mama wa kando ya ziwa: kausha damu, msiba, na mume aliyekwenda machimboni

Safu ya leo nimewaachia akina mama. Maswali yametoka Mwanza mjini, Misungwi na visiwani, na karibu kila anayeuliza ana shida ya pesa, ila kinachomuuma zaidi ni namna anavyotazamwa na watu. Nimeyafupisha, na majina nimeyaweka pembeni.

Nauza dagaa. Nilikopa laki tatu kwa watu wa kausha damu, wale wakopeshaji wa mtaani wenye riba kubwa, marejesho kila Jumatatu. Mbalamwezi ikiingia mitumbwi haiendi, nami sina cha kuanika, kwa hiyo nimekopa kwingine nilipe huku. Juzi walikuja kunitangaza uani na kunitishia polisi. Nifanyeje? (Mama wa wanne, Igombe)

Pole, mama. Tuanze na polisi, maana hofu yako iko huko. Kushindwa kurejesha mkopo ni kesi ya madai, si jinai. Anayekudai ana njia ya mahakama. Hana ruhusa ya kubeba godoro na mabeseni yako kwa nguvu, wala ya kusomea deni lako majirani. Wakirudi, mwite mwenyekiti wa mtaa aje asikilize, uone watakavyobadilika. Kisha uliza leseni. Tangu itungwe Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018, anayefanya biashara ya kukopesha lazima awe amesajiliwa na kupewa leseni chini ya usimamizi wa Benki Kuu. Dai pia nakala ya mkataba. Kama wameshikilia kitambulisho chako cha NIDA, kidai kirudi mikononi mwako, kwani hicho si kitu cha kuweka rehani. Na kuanzia leo kila unacholipa kipite kwenye simu ili rekodi ibaki. Shilingi uliyomkabidhi mtu mkononi bila risiti, kesho ataikana.

Hata hivyo, ukipata mkopeshaji mwenye leseni na lugha nzuri, bado utakwama vilevile, kwa sababu shida yako iko kwenye kalenda. Dagaa huvuliwa kwa taa, usiku wa giza. Mwezi ukiwa mkubwa taa haiwavuti, na mwalo, yaani ufuko wanakoshushia samaki, unalala siku nyingi mfululizo. Jumatatu hailali. Mwanamke anayeingiza pesa kwa kufuata mwezi amefungwa kwenye marejesho yanayofuata wiki, halafu akichelewa anaitwa mzembe. Ongeza masika: dagaa wakinyeshewa mchangani wanaharibika, na unaishia kuwauza kwa bei ya chakula cha kuku. Mkopo wa pili wa kulipa wa kwanza unazaliwa hapo, na nimeona wanawake hodari sana wakiingia humo.

Kwa hiyo nenda kwa wote wawili na karatasi uliyoandika kiasi unachoweza kulipa wiki za giza, na useme wazi kwamba wiki za mwezi hutalipa. Wengine watafoka kwanza, kisha watakubali, maana kulipwa polepole kunawafaa kuliko kukukosa kabisa. Siku za mbele, kopeni wenyewe kwa wenyewe. Kikoba, yaani kikundi cha kuweka na kukopeshana, cha wanawake wanaoanika mwalo mmoja hakihitaji kuelezwa habari za mwezi.

Upo pia mkopo wa halmashauri usio na riba, unaotoka kwenye asilimia 10 ya mapato yake ya ndani: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Ulisimamishwa 2023, ukarudi mwaka uliofuata. Mlango wake ni afisa maendeleo ya jamii wa kata yenu. Ila mkopo huo ni wa kikundi na deni ni la kikundi. Usiuchukue ukaupeleka kimyakimya kwa kausha damu, utawagombanisha watu ambao hawakuwamo kwenye shida yako.

Nimefutwa kwenye kikundi cha kufa na kuzikana kwa kukosa mchango miezi mitatu. Jirani alipofiwa nilikwenda, nikaambiwa jikoni ni kwa wanachama. Ni sawa? (Mabatini)

Si sawa, na nasema hivyo nikijua katiba yao huenda inawaruhusu kukufuta. Kikundi kinaweza kukunyima fungu la rambirambi. Msiba wenyewe si mali yake, ni wa waliofiwa, na aliyefiwa hakukufukuza. Rudi, kaa naye, hata kama ni kwenye mkeka wa mwisho.

Kuhusu kikundi, mwombe katibu akusomee kipengele cha kurudishwa. Mara nyingi kipo, kwa faini, na faini inaweza kugawanywa. Pendekeza pia mchango wa mikono: kuchota maji, kupika, kukesha. Kazi hizo siku hizi zinalipiwa, sasa kwa nini zisihesabiwe? Na viongozi wa vikundi mnaosoma hapa, mkishamaliza hilo jadilini na sare za harusi. Wanawake wengi wanatokomea kwenye maisha ya mtaa kwa sababu ya kitenge cha sare. Hatoi sababu, anasema tu anaumwa siku ya sherehe, na sherehe inayofuata hamumwaliki.

Nina mimba ya miezi minne. Kliniki wameniambia nije na mwenza. Aliyenipa mimba amezima simu. Naogopa kurudi. (Igoma)

Rudi, mdogo wangu, wiki hiihii. Wanataka mwenza ili ninyi wawili mpimwe pamoja VVU na kaswende, na ni jambo jema kama mwenza yupo. Asipokuwepo, huduma ni haki yako wewe na mtoto. Mwambie muuguzi ukweli, kwamba sina mwenza. Wakisisitiza, chukua barua fupi kwa mwenyekiti wa mtaa, vituo vingi vimeizoea. Usifanye kama wale wanaomkodi kijana wa bodaboda ajifanye baba, maana majibu ya vipimo vyake yatakusaidia nini? Na kumbuka kwamba kwa sera ya nchi, huduma za wajawazito katika vituo vya serikali hazilipiwi.

Nimeishi na mzazi mwenzangu miaka tisa Buhongwa, tumejenga vyumba viwili. Amekwenda machimboni Geita na sasa ana mwanamke huko. Mawifi wanasema sikuolewa, nifungashe. Nina haki gani?

Usifungashe. Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 160, inasema mwanamume na mwanamke wakithibitika kuishi pamoja miaka miwili au zaidi, katika mazingira ambayo jamii iliwachukulia kuwa mume na mke, basi itadhaniwa kwamba walioana. Dhana hiyo inaweza kupingwa kwa ushahidi, lakini hata ikipingwa mahakama bado inaweza kutoa amri kuhusu matunzo yako na ya watoto. Wifi hana mamlaka ya kuamua hilo sebuleni.

Kuhusu vyumba, watakuuliza ulitoa shilingi ngapi. Mwaka 1983 Mahakama ya Rufani, katika shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, ilikubali kwamba kazi za mke nyumbani ni mchango katika mali ya ndoa. Niseme ukweli, Bi Hawa mwenyewe hakuondoka na fungu, kwa kuwa mahakama iliona alishapewa pesa za kutosha akazitumia vibaya. Hoja yake hata hivyo ilisimama, na imewasaidia wanawake wengi baada yake. Kwa hiyo kusanya vyote viwili. Risiti za saruji na bati kama zipo, ujumbe wa pesa kwenye simu, fundi aliyepokea chakula chako, jirani aliyekuona ukibeba maji ya kufyatulia tofali. Angalia pia karatasi ya mauziano ya kiwanja: jina la nani, mashahidi akina nani. Piga picha leo, maana karatasi hizo hupotea ghafla ugomvi ukianza.

Njia yenyewe huanzia baraza la usuluhishi la ndoa kwenye kata, ndipo uende Mahakama ya Mwanzo. Matunzo ya watoto usiyasubirishe mambo ya nyumba: nenda kwa afisa ustawi wa jamii, Sheria ya Mtoto ya 2009 inamtaka baba awatunze hata akiwa shimoni Geita. Kwa msaada wa kisheria usio na malipo, Mwanza kuna shirika la Kivulini, limeshughulika na haki za wanawake tangu 1999.

Nimejifungua mtoto mwenye ualbino. Mume ameondoka, anasema si damu yake. Wateja wa maandazi nao wamepungua. (Misungwi)

Hongera kwanza, mama, maana sidhani kama wengi wamekupa. Ualbino wa ngozi, nywele na macho unatokea mtoto anaporithi vinasaba vyake kwa wazazi wote wawili, na kila mmoja anaweza kuvibeba bila kuonekana. Kwa hiyo kumkana mtoto kwa sababu ya rangi ni kutojua tu. Tanzania inakadiriwa kuwa na mtu mmoja mwenye ualbino katika kila watu 1,400, idadi kubwa kuliko nchi nyingi.

Mtoto avae kofia pana na mikono mirefu tangu sasa, apakwe mafuta ya kuzuia jua, na ukiona kidonda kisichopona umpeleke hospitali mapema, maana saratani ya ngozi ndiyo hatari yao kubwa. Akianza shule aketi mbele. Kanda yetu ina historia mbaya ya mauaji ya watu wenye ualbino, kwa hiyo mwenyekiti wa kijiji na jirani mmoja unayemwamini wajue ratiba zako, na asiachwe peke yake. Watu watakushauri umpeleke bweni, na Shule ya Msingi Mitindo iko hapohapo Misungwi, imepokea watoto wengi wa namna hii. Mimi nisingeharakisha. Mtoto mdogo anamhitaji mama yake, na kijiji kinamzoea kwa kumwona. Kuhusu maandazi, jaribu kuuza eneo lingine kwa muda, kwa sababu mnahitaji kula wakati watu wanajifunza.

Walipoandika majina ya TASAF, mfuko wa serikali unaosaidia kaya maskini, nilikuwa kisiwani naanika dagaa. Kila nikiuliza naambiwa nisubiri. (Ukerewe)

Kaya hutajwa kwenye mkutano wa hadhara wa kijiji au mtaa, kisha huhojiwa. Wasiokuwepo hawatajwi, na wanawake wa mialoni, wanaohama na samaki, ndio wanaokosekana kila awamu. Hakikisha jina lako liko kwenye daftari la wakazi la kijiji kimoja, uwe na jirani atakayekutaja, na peleka malalamiko yako kwa maandishi kwa mtendaji na kwa kamati ya mpango. Usimpe mtu pesa akuingize.

Binti yangu alipata mimba kidato cha pili, amejifungua. Watu wanasema masomo yameisha. (Sengerema)

Hayajaisha. Tangu Novemba 2021 serikali inaruhusu walioacha shule kwa ujauzito kurudi katika mfumo rasmi. Nendeni kwa mkuu wa shule mapema. Kama shule ya zamani inamtia aibu, ombeni uhamisho, au aulizie masomo ya sekondari kwa njia ya elimu ya watu wazima. Kabla hajarudi, pangeni nani atabaki na mtoto saa za masomo, na atanyonya vipi.