Nimejifunza Programu Mwenyewe, Kazi ya Kwanza Nitaipataje?

SWALI: Mhariri, salaam. Nimejifunza lugha ya Python peke yangu kwa miezi 14, lakini kila tangazo la kazi linadai uzoefu. Nianzie wapi?
Msomaji, Mikindani, Mtwara

JIBU: Ndugu msomaji, uzoefu huonekana kwa kitu ulichokitengeneza na watu wakakitumia. Hapo ulipo pana korosho, na chama cha msingi kinachopokea mizigo ya wakulima, kuipima na kuipeleka ghalani kabla ya mnada kina hesabu nyingi. Ukimkuta karani anaziandika kwa mkono, mwombe ruhusa umtengenezee programu ndogo ya kumbukumbu za uzito na malipo, kisha ukae naye msimu mzima ukirekebisha kila anapokwama, maana hapo ndipo utakapojifunza yale ambayo masomo ya video hayafundishi. Iweke kazi hiyo GitHub, tovuti ya kuhifadhi na kuonyesha msimbo (maandishi ya programu), bila majina ya wakulima wala takwimu zao, pamoja na maelezo ya tatizo ulilolitatua. Ijue pia Git, programu iliyoanzishwa na Linus Torvalds mwaka 2005, kwani timu nyingi huitumia kutunza historia ya msimbo. Cheti, kwa maoni yangu, kinaweza kusubiri. Unapoomba kazi, taja programu hiyo katika aya ya kwanza ya barua yako.